Je, wajua kwa nini mteja anaambiwa hupatikani ilhali simu iko mezani na chaji imejaa?

Muulize yeyote anayefanyia biashara nyumbani hapa Dodoma, awe anaoka keki Nkuhungu, anashona Chang'ombe au anauza mafuta ya alizeti kwa madumu kule Nzuguni. Lazima ameshaambiwa maneno haya: "Nimekutafuta tangu asubuhi, hupatikani." Anaitazama simu yake. Imewaka, mtandao umejaa, na hakuna alama yoyote ya simu aliyoikosa. Basi anahisi mteja anasingizia, au analaumu mnara. Mara nyingi mteja anasema kweli, na mnara hauna kosa. Tatizo liko ndani ya simu yenyewe, na lina dawa isiyohitaji fundi.

Kwanza tuone simu inavyomfikia mtu. Simu za mezani za zamani, zile zenye namba zinazoanza na 026 kwa Dodoma, Singida, Tabora, Iringa na Njombe, zilifungwa kwa waya hadi ndani ya nyumba. Ukipiga, mkondo unafuata waya ule ule na kengele inalia. Hakuna kutafutana. Simu ya mkononi haina nyumba, leo iko Area D, kesho iko Kibaigwa mnadani. Kwa hiyo kila inapopigwa ni lazima kwanza itafutwe.

Hata ikiwa imelala mfukoni, simu yako inautegea sikio mnara ulio karibu. Mtandao unajua uko upande gani wa mji, yaani ndani ya kundi fulani la minara, ila haujui ni mnara upi hasa. Mteja akipiga, minara ya kundi hilo inatangaza kwa pamoja kwamba namba yako inahitajika. Simu yako ikisikia inaitika, inapewa njia yake ya mazungumzo, ndipo inaanza kuita. Ule ukimya wa sekunde chache anaousikia mpigaji kabla ya mlio wa kwanza ndio muda wa kukutafuta.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kuna kutopatikana kwa namna mbili. Ukizima simu kwa kitufe, kabla haijazimika inatuma taarifa ya kuaga, na mtandao unaandika kwamba haipo. Anayekupigia baada ya hapo kwa kawaida anajibiwa haraka kwamba hupatikani. Lakini ukichomoa betri ghafla, au ukiingia mahali pasipo na mtandao, hujaaga. Minara inaita, inangoja, inaita tena, kisha inakata tamaa, ndipo mpigaji anaisikia ile sauti iliyorekodiwa. Basi ukisikia ukimya mrefu kabla ya kuambiwa mtu hapatikani, kuna uwezekano mkubwa hajazima simu. Ametafutwa, hakusikia.

Na sababu kubwa ya kutosikia, kwa watu wa biashara ndogo, ni laini mbili.

Simu nyingi tunazonunua zina vitundu viwili vya laini, lakini kifaa cha kupokea na kurusha mawimbi ni kimoja. Simu ikiwa imetulia, kifaa hicho kinagawa zamu: kinasikiliza mnara wa laini ya kwanza, kisha wa laini ya pili, kwa vipande vidogo sana vya sekunde, kiasi kwamba unaona zote mbili ziko hewani. Ukianza kuongea na laini ya kwanza, zamu zinakwisha. Kifaa chote kinashikwa na mazungumzo, na laini ya pili inakuwa kiziwi. Mtandao wake haujaambiwa lolote, kwa hiyo mteja akipiga minara inakuita kama kawaida, haipati jibu, na mteja anaambiwa hupatikani. Simu haikuusikia mwito, kwa hiyo haiwezi kuonyesha kwamba ulipigiwa. Ipo mitandao inayotuma meseji baadaye kukuarifu, lakini meseji hiyo inaweza kukuta mteja ameshapata mwokaji mwingine. Simu chache za bei ya juu zina uwezo wa kushika laini zote mbili kwa wakati mmoja. Nyingi zilizo mikononi mwetu hazina.

Mfikirie dada wa keki asubuhi ya Ijumaa. Laini ya kwanza ni ya bando la kuongea, ya pili ndiyo iliyoandikwa kwenye bango la getini na kwenye maboksi ya keki. Yuko kwenye simu na muuza mayai wa soko la Majengo, wanavutana bei ya trei, mkono mmoja una siagi, simu kaibana kwa bega. Dakika zote hizo, namba ya bangoni haipo duniani. Mfanyakazi wa Mtumba anayetaka keki ya kilo mbili kwa ajili ya kumuaga mwenzao anapiga mara moja, labda mara mbili, kisha anafungua namba inayofuata. Kinachoniumiza ni kwamba kadiri biashara inavyochangamka na mwenyewe anavyoongea zaidi, ndivyo anavyopoteza simu nyingi zaidi, bila kuona dalili yoyote.

Kwa nini basi tuna laini mbili mbili? Sababu yake ni ya bei, na imeanza zamani. Mtu wa mtandao mmoja akimpigia wa mtandao mwingine, kampuni ya mpigaji inailipa kampuni ya mpokeaji kwa kila dakika. Hiyo ndiyo gharama ya maingiliano, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayoweka kiwango chake. Kabla ya Machi 2013 ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Mwezi huo ikashushwa hadi shilingi 34.92. Mwaka 2018 ikawa shilingi 15.60, ikaendelea kupunguzwa kila mwaka hadi shilingi 2 mwaka 2022. Enzi za shilingi 112, kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa anasa, na mwenye akili alibeba laini ya kila mtandao ili ampigie kila mtu ndani ya mtandao wake. Leo bando za mitandao yote zimejaa, na sababu ile imebaki ndogo sana. Kilichobaki ni mazoea, na akaunti za pesa zilizotapakaa kila laini.

Dawa ya haraka ni kuelekeza simu, wengine wanasema kudaivati. Uwezo huu umo ndani ya mitandao ya simu za mkononi tangu zamani, na unawashwa hata kwa kitochi. Unaiagiza laini ya bangoni kwamba isipopatikana, simu iende kwenye laini ya kwanza. Chagua laini ya bangoni, kisha piga **62* ukifuatisha namba ya laini ya kwanza na alama ya #. Subiri ujumbe wa kukubaliwa. Ukitaka kuhakikisha, piga *#62#. Ukitaka kufuta, piga ##62#. Kisha ufanye kinyume chake: ukiwa kwenye laini ya kwanza, elekeza kwenye ya bangoni, ili ukiongea na hii, ile isipotee.

Agizo hilo peke yake halitoshi. Laini ya kwanza inaongea, na simu ya mteja imeelekezwa huko huko. Bila kitu kingine ataambiwa inatumika. Kitu hicho ni simu ya kusubiri. Piga *43# kwa kila laini. Kuanzia hapo, ukiwa katikati ya maongezi na muuza mayai utasikia mlio mfupi sikioni na kuona namba ya mteja kwenye kioo. Unaweza kumwomba muuza mayai asubiri kidogo, au ukamaliza na kumpigia mteja mwenyewe. Hata usipopokea, namba yake umeipata, na hilo ndilo la muhimu kuliko yote.

Kuna gharama yake, na ni vizuri kuijua mapema. Mteja analipa kama anayepiga laini ya bangoni. Kipande cha kutoka laini ya bangoni kwenda laini ya kwanza unakilipa wewe, kwenye laini iliyoelekeza. Kwa hiyo laini hiyo isikae kavu bila salio. Piga 100 uwaulize huduma kwa wateja kama dakika za bando lako zinahesabiwa kwenye simu zilizoelekezwa, kwa sababu bando hazifanani.

Lipo na agizo la pili linalowafaa wanaofanya kazi ya mikono kuchafuka: **61*, namba ya msaidizi, kisha *11*20#. Maana yake simu ikiita sekunde 20 bila kupokelewa, iende kwa huyo msaidizi, labda mume, labda binti aliyefunga shule. Sekunde zinapangwa kwa tano tano, kuanzia 5 hadi 30. Anayepokea awe na daftari karibu, na arudie oda kwa sauti kabla ya kukata: kilo ngapi, siku gani, saa ngapi, inapelekwa wapi. "Mama hayupo, piga baadaye" siyo jibu la kumpa mtu aliyetoa salio lake kukutafuta. Kama aliyepokea ni mtoto mdogo, afundishwe jambo moja tu: "Shikamoo, naomba namba yako, mama atakupigia."

Sasa tahadhari, na naomba isipuuzwe. Agizo la **21* linaelekeza simu zote, hata simu yako ikiwa wazi na imetulia mbele yako. Matapeli wanalitumia. Anapiga mtu akijifanya wa huduma kwa wateja, anakwambia mtandao wako una shida na ubonyeze namba fulani inayoanza hivyo. Ukibonyeza, simu zako zote zinaanza kwenda kwake, pamoja na ile simu ya WhatsApp inayosoma kwa sauti namba ya siri ya kufungulia akaunti. Akaunti yako anaichukua, kisha anawaomba pesa wateja wako kwa jina lako. Usibonyeze agizo uliloletewa na mtu aliyekupigia. Ukiwa na wasiwasi, piga *#21# uone kama kuna namba usiyoijua, na ##002# inafuta maelekezo yote kwa mpigo mmoja. Ukishaifanya, yale yako mema itabidi uyaweke upya. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na kwa kuwa tangu usajili wa alama za vidole ulioanza 2019 kila laini imefungwa kwenye kitambulisho cha NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, usije ukawa unabeba ya mtu mwingine.

Yapo mengine yanayofanya simu isisikie, nayataja kwa kifupi. Mabati yanarudisha mawimbi, kwa hiyo jiko la uani lililoezekwa na kuzungushiwa mabati linaweza kuwa na mtandao hafifu ilhali nje ya mlango uko vizuri. Milima ya mawe iliyouzunguka mji huu inafanya vivyo hivyo kwa nyumba iliyo upande usiotazamana na mnara. Weka simu dirishani, upande wenye mtandao mzuri, na uongeze sauti ya mlio. Usiiache juu ya friji ndani ya stoo.

Simu ya WhatsApp ni habari nyingine kabisa. Haipiti kwenye utafutaji ule wa minara niliouelezea. Inapita kwenye intaneti, na maagizo ya kuelekeza hayaigusi. Bando la intaneti likiisha, au simu ikiwa kwenye hali ya kubana chaji, mteja anaona inapiga tu bila kufika kwako. Ndiyo maana ni vizuri bango lieleze kwamba anayetaka jibu la haraka apige simu ya kawaida, na WhatsApp ibaki ya picha za keki na ramani ya kufika.

Kwa aliyechoka na laini mbili, kuna njia ya kubaki na moja bila kupoteza namba ambayo wateja wanaijua. Tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao na namba yako. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho, na unatuma neno HAMA kwenda 15080 kutoka kwenye namba inayohama. Kabla ya hapo lipa salio lolote ulilokopa, na toa pesa zote zilizo kwenye akaunti ya simu, kwa sababu inayohama ni namba. Akaunti ya pesa inabaki kule ulikotoka. Lipa namba nayo ni ya mtandao uliokupa, kwa hiyo omba mpya na ubadilishe kibandiko cha mlangoni siku hiyo hiyo, kabla mteja hajaanza kulipa kwenye ile ya zamani.