Mchanga wa chungwa kwenye nepi

Kuna rangi moja ya nepi ambayo mimi kama daktari wa watoto lazima niiulizie, chungwa, vijichembe kama mchanga laini ukipitisha kidole. Kichanga wa siku mbili tatu ambaye maziwa hayajamtosha anaweza kuwa nayo na ikaisha, hiyo isikutishe, ila miezi inaenda bado ipo na mtoto wa kiume shingo haikazi, kukaa hakai, hapo nataka damu na mkojo vipimwe.

Mchanga ule ni asidi ya yuriki, taka ya mwili inayotoka na mkojo. Ndani ya seli kuna enzaimu, yaani protini inayoendesha kazi za kemikali mwilini, inaitwa HPRT, kazi yake kuokota mabaki ya purini (kemikali zinazojenga DNA), yaani haipozanthini na guanini, iyarudishe yatumike tena. Sasa isipokuwepo mabaki yote yanaishia kuwa asidi ya yuriki, halafu mwili nao unazidi kutengeneza purini mpya, kwahiyo asidi inajaa kutoka pande zote mbili na figo zinapata mawe. Enzaimu ikiwa imepungua tu, mtu anaweza kukua vizuri kabisa akaja kupata jongo mapema.

Ikikosekana kabisa ndo ugonjwa wa kurithi unaoitwa Lesch-Nyhan. Walioielezea mwaka 1964 ni Michael Lesch, wakati huo bado mwanafunzi wa udaktari, na mwalimu wake William Nyhan, wagonjwa wao walikuwa ndugu wawili. Enzaimu inayokosekana ikajulikana 1967. Jeni yake iko kwenye kromosomu X ndo maana karibu wote ni wavulana, na mama aliyebeba jeni yenye kasoro hana kosa lolote. Wengine wanaandikiwa mtindio wa ubongo basi, mpaka meno yaote, na kwenye miaka miwili mitatu mtoto aanze kujing'ata midomo na vidole hadi nyama inanyofoka.

Hapa ndo roho inaniuma, maana watu wanasema mtoto mkorofi, wengine wanamchapa. Jamani hafanyi makusudi! Maumivu anayasikia kama wewe, ila sehemu ya ubongo inayoongoza mienendo ya mwili ina dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, kidogo mno, hawezi kujizuia. Dawa ya alopurinoli inashusha asidi na kuokoa figo, tumuanzishie mapema, lakini kujing'ata haikuzuii hata kidogo, huko tunatumia vibao laini vya kukaza viwiko, glavu, na ikibidi kung'oa meno. Wengi wanaomba wenyewe wafungwe mikono, na ukimfungua ghafla analia, anaiogopa mikono yake.