Glukosi oksidesi: kimeng'enya kilichomo kwenye stripu ya kupimia sukari

Unapopimwa sukari, tone la damu likishagusa stripu, namba hutokea baada ya sekunde chache. Sifa zote huenda kwa mashine, lakini kwenye stripu nyingi kazi yenyewe hufanywa na glukosi oksidesi, kimeng'enya kilichokaushwa kwenye ncha ya stripu.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemikali bila yenyewe kuisha. Hiki hunyang'anya glukosi, yaani ile sukari inayopimwa kwenye damu, elektroni mbili na kuzikabidhi kwa oksijeni. Huko ndiko kuoksidisha. Glukosi inageuka glukonolaktoni, ambayo ndani ya maji huwa asidi ya glukoniki. Oksijeni nayo inageuka haidrojeni peroksaidi, ileile ya kusafishia vidonda.

Thamani yake iko kwenye kuchagua. Sukari nyingine kama fruktosi na sukrosi karibu hakizigusi kabisa, na katika damu iliyojaa vitu chungu nzima kinaifuata glukosi tu. Mwaka 1962, Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani walieleza namna ya kukiunganisha na elektrodi, kipande kinachopitisha umeme, ili kupima glukosi. Kwenye stripu za leo, kemikali nyingine huzipokea elektroni badala ya oksijeni na kuzifikisha kwenye elektrodi: glukosi ikizidi, umeme unazidi, na namba inapanda.

Detlev Müller alikigundua mwaka 1928 ndani ya Aspergillus niger, kuvu wa jamii ya ule ukungu mweusi unaouona kwenye maganda ya vitunguu. Viwanda bado vinakipata kwa kuvu huyo. Nyuki nao wanacho, kwenye tezi za kichwani, na hukitia kwenye asali. Asali ikiwa nzito kimeng'enya hutulia. Ikichanganyika na majimaji, kama ya kidonda, huanza kutoa peroksaidi inayoua bakteria. Ukiichemsha asali, umekiharibu.

Kwa kuchagua kote huko, hakijui glukosi imetoka wapi. Ukimenya embe kisha ukajidunga kidole bila kunawa, utomvu uliobaki kwenye ngozi utahesabiwa pamoja na damu, na unaweza kusoma namba ya kukutia hofu bure. Kupangusa kwa spiriti huenda kusitoshe. Nawa kwa maji na sabuni, kausha vizuri, ndipo udunge.