Sponji kavu ya filta haizuii vumbi

Wengi wenye pikipiki za zamani kama Yamaha DT125 huamini kuwa sponji ya filta ya hewa ikishaoshwa na kukauka, kazi imekwisha. Sivyo. Matundu ya sponji ni makubwa. Kinachonasa vumbi ni mafuta. Ikiwa kavu, vumbi laini hupita hadi kwenye silinda na kula ringi na pistoni. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, hushuka, injini huwa ngumu kuwaka.

Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Usitumie petroli: huyeyusha gundi ya maungio, tena hulipuka kirahisi. Ikamue kwa kuibana, ukiisokota itachanika. Ikikauka kabisa, ipake oili ya filta kote, uibinye mpaka isidondoke. Paka grisi ukingoni, maana mwanya mdogo tu hapo huingiza vumbi. Sponji inayomeguka vidoleni, tupa.