Dawa ya Kichina ya aleji ya pua: unasema ipi?

Ukilalamikia chafya za asubuhi mbele ya watu, hakosi mmoja wa kukwambia, "Tafuta dawa ya Kichina, ile haina kemikali." Kauli hiyo nimeshaisikia mno, na kila mara wanakuwa wamefunga pamoja vitu vitatu visivyo na undugu.

Maana kwanza, kwa haraka. Aleji ya pua, au mzio, si mafua. Hakuna kirusi hapo. Kinga ya mwili inaichukulia chavua, utitiri wa vumbi au manyoya ya paka kama adui, inamwaga kemikali iitwayo histamini, na hapo pua inawasha, inatiririka, inaziba. Kitu cha kwanza, mitishamba ya Kichina kwa tatizo hili, ni mchanganyiko wa mimea kadhaa, aghalabu wa kuchemsha na kunywa, ambao tabibu huuchagua baada ya kukagua ulimi, kushika mapigo ya mkono na kuuliza maswali mengi.

Kwa hiyo hakuna "ile" dawa. Yu Ping Feng San ina mimea mitatu, huangqi, baizhu na fangfeng, na hupewa mtu ambaye kwa nadharia ya tiba hiyo nguvu ya mapafu imepungua, upepo kidogo tu anapiga chafya. Xiao Qing Long Tang ina minane na hulenga mwenye baridi na makamasi kama maji. Japani wanaiita Shoseiryuto, na bima ya afya ya taifa huilipia. Wagonjwa wawili wenye chafya zilezile wanaweza kutoka kwa tabibu mmoja na vifurushi tofauti.

Kitu cha pili ni mafuta na vijiti vya kunusa vya mentholi. Mentholi huamsha vihisio vya baridi puani, ukadhani hewa imeongezeka, ilhali uvimbe uko palepale. Tuyaache hayo.

Cha tatu ndicho kinachoniudhi: vidonge vya boksi. Chukua Biyankang, maarufu sana huko China. Orodha yake imejaa mimea: cang'erzi, mahuang, huangqin, hata mafuta ya mnanaa. Kisha, kati ya majani hayo, klofeniramini. Ndiyo hiyohiyo piritoni unayouziwa kwa bei ya pipi! Mtengenezaji hajaficha kitu, ameiandika. Ila huku mtaani hakuna anayesoma kikaratasi. Mtu anameza, chafya zinatulia, usingizi unamshika, na sifa zote zinaenda kwa majani. Kesho yake anaongeza setirizini, dawa nyingine ya aleji, juu yake, au anapanda bodaboda.

Na hata ukiiondoa piritoni, "haina kemikali" bado haisimami. Mahuang ndiyo mmea ambamo mkemia Nagai Nagayoshi wa Japani alitoa kemikali ya efedrini mwaka 1885. Inabana mishipa ya damu puani, ni kweli, na inapandisha presha. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Cang'erzi nayo ikizidi kipimo, au isipoandaliwa vizuri, huumiza ini. Mmea wenye nguvu ya kutibu una kemikali ya kutibia. Usipokuwa nayo, umekunywa chai.

Hapo mtetezi hutoa karata yake: mbona dawa mseto ya malaria ni ya Kichina? Ni kweli mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa iliyomo kwenye mseto huo, na kidokezo alikipata kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4. Lakini timu yake iliitoa dawa hiyo kwenye jani kwa kutumia kiyeyushi cha etha, ikaijaribu kwa wanyama kisha kwa watu, ikapimwa. Kidonge cha mseto unachopewa zahanati si mitishamba tena, na mafanikio yake hayathibitishi kifurushi kingine chochote. Kwa aleji ya pua majaribio yapo, mengi ya China. Baadhi yanaonyesha nafuu, ila mengi ni madogo na yamefanywa kwa ulegevu, hayatoshi kuiweka mitishamba mbele ya dawa ya steroidi ya kupuliza puani.

Basi mtu akikwambia dawa ya Kichina imemtuliza, usimbishie, huenda imemtuliza kweli. Mwombe kikaratasi tu, msome pamoja hadi mwisho. Mkiikuta klofeniramini, mwambie taratibu kwamba anatumia piritoni iliyochanganywa na majani. Na kama ana miadi ya kupimwa aleji kwa kuchomwa ngozini, amtajie daktari boksi hilo mapema, kwani piritoni huzuia ngozi isivimbe na kipimo kinaweza kusema hana aleji yoyote.