Je, wajua kwa nini serikali ya kikomunisti ya Poland iliwafunga polisi wake wa siri kwa kumuua padri?

Padri Jerzy Popiełuszko aliuawa Oktoba 1984, akiwa na miaka 37. Kabla mwaka haujaisha, maofisa wanne wa Wizara ya Mambo ya Ndani walikuwa kizimbani mjini Toruń kwa kifo chake. Katika Ulaya ya kikomunisti, polisi wa siri kushtakiwa hadharani lilikuwa jambo nadra mno. Ilikuwaje?

Kwanza, dereva alipona. Usiku wa Oktoba 19, Popiełuszko alikuwa akirudi Warsaw baada ya kusali rozari na waumini wa Bydgoszcz. Karibu na Górsk, gari lao likasimamishwa na watu watatu waliojifanya trafiki. Padri alipigwa na kutupwa kwenye buti. Dereva wake, Waldemar Chrostowski, alitiwa pingu na kuingizwa katika gari la watekaji, lakini likiwa kwenye mwendo alifungua mlango akaruka. Laiti asingeruka, huenda padri angebaki "ametoweka" tu. Oktoba 30 maiti iliopolewa kutoka mto Vistula, karibu na Włocławek, miguuni imefungiwa mawe.

Pili, huyu hakuwa mtu wa kufukiwa kimyakimya. Agosti 1980, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Huta Warszawa waligoma wakaomba padri wa kuwasomea Misa. Akaenda yeye, dhaifu wa afya tangu alipokuwa jeshini, na hakuwaacha tena. Jenerali Jaruzelski, kiongozi wa Poland, alipotangaza utawala wa kijeshi Desemba 1981 na kukisimamisha Solidarność, chama huru cha wafanyakazi, Popiełuszko aliadhimisha kila mwezi Misa ya kuiombea nchi. Watu walijaa hadi barabarani. Msemaji wa serikali, Jerzy Urban, aliziita Misa hizo vikao vya chuki. Ajabu, maana neno ambalo padri hakuchoka kulirudia ni lile la Paulo kwa Warumi: ushinde ubaya kwa wema.

Hapo ndipo Jaruzelski alipobanwa. Julai 1984 alikuwa ametoa msamaha kwa wafungwa wa kisiasa, akitaka nchi za Magharibi zilegeze vikwazo, na Papa aliyekuwa Roma alikuwa Mpoland. Mazishi ya Novemba 3 yalihudhuriwa na mamia ya maelfu. Kukana kungemgharimu kuliko kuwatoa wanne.

Kwa maoni yangu, kesi ile ilipangwa ili lawama isipande juu ya cheo cha kanali. Kapteni Piotrowski na Kanali Pietruszka walipewa miaka 25 kila mmoja, Pękala 15, Chmielewski 14, na wote wakaachiwa kabla ya muda. Mwendesha mashtaka alimlaumu hata marehemu. Ukomunisti ulipoanguka, majenerali wawili walishtakiwa kwa kuhusika. Hakuna aliyetiwa hatiani. Popiełuszko mwenyewe alitangazwa Mwenyeheri mjini Warsaw Juni 6, 2010, mama yake Marianna akiwapo.