Fuwele Haikaangwi: Dhana Potofu Kuhusu Kukusanya Data kwenye Sinkrotroni

"Niongezee mwale, madoa hayaonekani." Ombi hili la wanaopiga fuwele za protini kwa eksirei kwenye sinkrotroni (mashine inayotoa eksirei kali sana), ili madoa ya eksirei zilizotawanyika yafichue umbo la protini, halichoki kurudi, na nyuma yake kuna imani kwamba picha iliyokolea ndiyo data nzuri. Siyo. Fuwele ina akiba ya dozi, yaani nishati ya mionzi inayoweza kuimeza, na ikiisha imeisha. Kwenye kelvini 100, kikomo kinachotajwa sana ni megagrei 30 (grei ni kipimo cha dozi, mega ni milioni), lakini huo ni ukuta, si shabaha. Vifungo vya disalfaidi (salfa kwa salfa ndani ya protini) huanza kukatika kwenye megagrei chache tu, kisha asidi amino za aspateti na glutameti hupoteza vikundi vyao vya kaboksili. Anayetafuta awamu (taarifa ya mawimbi ambayo madoa hayaionyeshi) kwa atomi za seleniamu abane zaidi, maana tofauti ya ukali wa madoa anayoitegemea ni ndogo na uharibifu huila mapema.

Piga hesabu kabla ya kubonyeza. Kwa urefu wa wimbi wa angstromu 1 (sehemu moja ya bilioni 10 ya mita) na fuwele isiyo na metali nzito, chukua idadi ya fotoni kwa kila maikromita mraba, gawanya kwa 2,000: hiyo ni dozi kwa grei, kwa makadirio. Mwale wa fotoni trilioni 1 kwa sekunde, uliobanwa kwenye maikromita 20 kwa 20, hutoa megagrei 1.25 kila sekunde. Picha 3,600 za digrii 0.1 za mzunguko, kila moja sekunde 0.01, ni sekunde 36. Megagrei 45! Fuwele imekufa kabla ya kumaliza mzunguko. Shusha transmisheni (sehemu ya mwale inayoruhusiwa kupita) hadi asilimia 10: unatumia 4.5 na digrii zote 360 unazo.

Picha mojamoja zitakuwa hafifu, madoa ya pembeni hutayaona kabisa. Yaache. Kigunduzi kinachohesabu fotoni hakina kelele ya usomaji, hivyo programu hujumlisha picha dhaifu bila hasara. Macho yako hayana kazi hapo. Na usisahau kuhesabu dozi ya picha za majaribio na ya kusaka fuwele kwa gridi. Fuwele ikiwa ndefu kuliko mwale, isogeze huku ikizunguka ili dozi isirundikane sehemu moja.

"Digrii 90 zinatosha." Labda, kama ulinganifu ni mkubwa na fuwele imekaa vizuri kwenye kitanzi kinachoishikilia. P1 (aina ya fuwele yenye ulinganifu mdogo kabisa) hudai 180 au zaidi. Gawa dozi ileile juu ya 360, basi.

"Rmerge imepanda, data mbovu." Rmerge, kipimo cha tofauti kati ya vipimo vya doa lilelile, hupanda marudio yakiongezeka, hata data ikiboreka. Tazama Rpim (inayozingatia idadi ya marudio) na CC1/2 (uwiano kati ya nusu mbili za data).

"Imegandishwa, haiharibiki." Huharibika, ila polepole: hudumu mara makumi kadhaa zaidi kuliko kwenye joto la chumba.

"Kigunduzi kiwe karibu kabisa." Kwa seli-kizio (tofali linalojirudia ndani ya fuwele) yenye mhimili wa angstromu 300, madoa yatalaliana. Weka ukingo wa kigunduzi nje kidogo tu ya resolusheni (undani mdogo kabisa unaoonekana) unayotarajia, na ukiweza, laza mhimili huo mrefu sambamba na mhimili wa mzunguko, usije ukaelekea kwenye mwale.