Waalbania: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana: Xhaka na Shaqiri walikuwa na mbwembwe tu.
Juni 22, 2018, Uswisi ikicheza na Serbia kwenye Kombe la Dunia, wachezaji hao wawili wa Uswisi walifunga, na kila mmoja akapishanisha viganja kifuani kama mbawa. Kwenye vibanda umiza tulicheka. Kumbe ni tai mwenye vichwa viwili wa bendera ya Albania. Wote asili yao ni Kosovo, eneo lenye Waalbania wengi lililokuwa chini ya Serbia ndani ya Yugoslavia, na baba yake Xhaka alifungwa zaidi ya miaka mitatu Yugoslavia kwa kuandamana. FIFA iliwatoza faini ya faranga 10,000 kila mmoja.

Dhana: Mwalbania ni raia wa Albania, basi.
Uhuru wa Albania kutoka kwa Waturuki ulitangazwa mjini Vlorë, Novemba 28, 1912. Mwaka uliofuata mabalozi wa mataifa makubwa walikaa London wakachora mpaka, na Waalbania wengi wakajikuta upande wa pili, wakiwemo wa Kosovo. (Sisi tuliogawanywa Berlin hatuhitaji kuelezwa zaidi.) Mwaka 1989 Belgrade, yaani serikali ya Serbia, iliipokonya Kosovo madaraka yake ya ndani, baadaye walimu wakafukuzwa shuleni, watoto wakasomeshwa sebuleni kwa watu. Vita ya 1999 iliwafukuza makwao zaidi ya watu 800,000. Kosovo ilijitangazia uhuru Februari 17, 2008.

Dhana: Walionewa na wageni tu, Waturuki na Waserbia.
Hapa ndipo wengi tunapopotoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Enver Hoxha, mkomunisti na Mwalbania halisi, alitawala Albania tangu 1944 hadi alipofariki 1985. Chini yake kutoroka nchi kulihesabiwa uhaini. Ukivuka mpaka, jamaa zako waliobaki ndio hulipa, kwa kuhamishiwa vijiji vya mbali wakiwa chini ya ulinzi. Kwenye gereza la Spaç wafungwa wa siasa walichimba shaba milimani. Mei 1973 waliasi, wakapandisha bendera yenye tai bila ile nyota ya chama. Wanne waliuawa kwa risasi.

Dini nayo ilipigwa marufuku 1967, misikiti na makanisa sawia. Mama Teresa, ambaye wengi humdhani Mhindi, alikuwa Mwalbania wa Skopje. Mama yake mzazi aliishi Tirana, mji mkuu wa Albania, na dunia nzima ikimsifu binti, serikali haikumruhusu kuingia kumwona. Bibi huyo alifariki 1972 bila kuonana naye.

Wakati huohuo nchi ya watu wasiofika hata milioni tatu na nusu ilijengewa mahandaki ya zege zaidi ya 170,000 ya kumngoja adui. Adui hakuja.

Dhana: Albania ilikuwa kibaraka wa Urusi.
Iligombana na Yugoslavia 1948, na Urusi 1961, na China 1978. Kibaraka gani huyo? Mwaka 1971 ilisimama pamoja na Tanzania na wengine kuirudishia China kiti chake Umoja wa Mataifa. Ndipo Salim Ahmed Salim, balozi wa Tanzania huko, aliposhangilia ukumbini.

Dhana: Ukomunisti ulipoanguka, shida ziliisha.
Agosti 1991 meli iitwayo Vlora ilitia nanga bandari ya Durrës, Albania, ikiwa na shehena ya sukari kutoka Cuba. Watu waliivamia, wengine wakipanda kwa kamba, wakamlazimisha nahodha awapeleke Italia. Walifika Bari kama 20,000, wamening'inia hadi kwenye milingoti. Walifungiwa uwanja wa mpira juani, chakula wakirushiwa kutoka angani, na wengi wakarudishwa ndani ya siku chache.

Mwaka 1997 ukaja upatu wa kitapeli, wa kampuni zilizoahidi faida kubwa huku zikiwalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata. Watu waliuza nyumba na mifugo ili waweke fedha, na kampuni zilipoanguka, maghala ya silaha yakavunjwa, na takriban watu 2,000 wakafa. Waliowahi "kupanda mbegu" hapa kwetu wakingoja kuvuna wanaijua nusu ya kwanza ya hadithi hiyo.

Oktoba 2024 Italia ilifungua vituo Shëngjin na Gjadër, ndani ya Albania, vya kuwashikilia wahamiaji waliookolewa baharini wakielekea Italia.